Bawa la Msumarini

Sehemu ya tisa

Sampuli ilikuwa nzito.

Hapo ndipo Sauti alipobaki wiki nzima tangu toleo lililopita, juu ya kiti cha plastiki, mikono imeinuka ukutani. Gereji yote ilikuwa imehamia kwenye uwanja wa mbio. Yeye kaachwa afute vumbi. Alishusha bawa lililoning'inia msumarini ili alipitishie kitambaa, na mikono yake, inayojua uzito wa kila kitu cha faiba kilichowahi kupita mle ndani, ikamwambia jambo ambalo hakutaka kulijua.

Sampuli haina haki ya kuwa nzito.

Wewe uliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu, nitakueleza upesi. Katika gereji ya Mjomba, kila bawa la gari hutengenezwa mara mbili. La kwanza ni la macho, ndiyo sampuli. Ni ganda tupu, jepesi kama ungo, hutundikwa ukutani ili mteja achague umbo. La pili ni la kazi. Ndani lina mbao sita nyembamba na bomba la chuma, ambavyo wenyewe huviita mifupa, na hilo hulazwa mezani mpaka lifungwe kwenye buti la gari. Kwa nje ni mapacha. Kwa hiyo Mjomba aliweka sheria moja, ambayo haikuandikwa popote na haikuwahi kuvunjwa: kilichoning'inia ni cha macho, kilicholala ni cha kazi.

Sauti alilipiga bawa kwa kifundo cha kidole.

Ko. Ko.

Mlio wa kitu kilichoshiba.

Akaligeuza upande wa chini. Jicho jeupe likamkodolea, kubwa kama sahani. Kaka yake ndiye aliyelichora kwa rangi iliyobaki kwenye kopo. "Hili litanichungia nyuma," alisema siku ile, "maana mimi nina macho ya mbele tu."

Basi jicho liko gereji. Na kaka yuko uwanjani, ndani ya gari la Daktari wa Meno, mgongoni kabeba ganda tupu.

"Nani kavunja sheria?" Sauti alinong'ona.

Hakuhitaji kuuliza. Alikuwa anamjua vizuri.

Juzi walikuja wageni wa Daktari kulitazama gari. Mjomba akapayuka, "Ondoeni madude hayo mezani, watu waweke soda zao!" Sauti akaondoa. Bawa la kazi akalitundika msumarini, dakika mbili tu, lisije likakanyagwa. Ganda akalilaza kwenye blanketi sakafuni. Kabla hajamaliza, akatumwa barafu. Aliporudi, meza ilikuwa tupu na ukutani kuna bawa la kijivu. Akadhani mtu kavirudisha vitu mahali pake. Kumbe mpiga rangi alikuwa ameingia, akatazama, akafuata sheria. Alichokikuta kimelala, akakipaka rangi.

Miaka minne hakuna aliyekosea. Siku moja ya soda ikatosha.

Alimpigia simu Mjomba. Haipatikani. Alimpigia kaka.

Ovaroli yake iliyotundikwa nyuma ya mlango ikaanza kuimba.

Sauti aliitazama ile ovaroli ikiimba mpaka ikanyamaza. Kisha alilibeba bawa begani, akatoka mbio kwa jirani.

Jirani ni Fundi Betri, mzee wa vichekesho vingi na meno machache, anayetengeneza betri za mtaa mzima.

"Shikamoo, baba. Naomba unipeleke uwanjani."

"Marahaba, binti yangu. Maneno matano kwa mpigo! Wewe? Kuna msiba?"

"Bado."

Mzee alimtazama usoni, akaacha kucheka. "Panda. Ila tusukume kwanza. Betri imekufa."

"Betri?"

"Mganga hajigangi. Sukuma, mwanangu!"

Sauti alisukuma. Pikapu ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena. Wauza mitumba wawili wakaja kusaidia. Ilipowaka, alikuwa amelowa jasho na saa ya simu yake inasema saa nne kasorobo. Mbio zinaanza saa nne.

"Lakini si mlikaa Alhamisi ya wiki iliyopita mkachagua?" Fundi Betri alipiga kelele kushinda injini. "Kelele zote zile nilizozisikia?"

Walikaa, tena sana.

Daktari wa Meno alitaka bawa la ghorofa, moja juu ya jingine, refu kupita gari lenyewe. Alikuwa ameliona kwenye picha. Mjomba naye, mteja akitaka kengele shingoni mwa gari, yeye huuliza tu kengele ya ukubwa gani. Ni Sauti aliyekuwa na neno. Na kama kawaida yake, neno hilo alilipitisha kwenye sikio la kaka, kaka akalitangaza. Ndivyo walivyoishi tangu utotoni. Dada ana mawazo, kaka ana mdomo. Hata jina hilo la Sauti, kaka ndiye aliyembandika kwa utani, kwa sababu hana.

"Dada anasema," kaka alianza, "ameliona hilo ghorofa. Anasema zuri, litafaa kuanikia nguo."

"Sikusema hivyo!" Sauti alinong'ona.

"Anasema hakusema hivyo. Anasema tutazame nyuzi."

Sauti alikuwa amebandika nyuzi arobaini za sufu nyekundu kwenye paa na buti la gari lile. Kaka akaliendesha, yeye akamfuata na pikapu hii hii, akitazama. Upepo hauonekani, lakini uzi hauna siri. Nyuzi za paani zililala vizuri kama nywele zilizochanwa. Za kwenye buti zilikuwa zinazunguka ovyo, kama mtu aliyepotea sokoni. Maana yake, bawa likikaa chini, linakaa kwenye upepo uliovurugika na halifanyi kazi. Linataka miguu mirefu, lifikie upepo safi. Na ukiikandamiza nyuma peke yake, pua inakuwa nyepesi na usukani unakosa adabu. Kwa hiyo bawa moja la kadiri, juu ya miguu mirefu, na mbele, chini ya bampa, mdomo mpana wa kuukata upepo.

"Mbele na nyuma ni ndoa," kaka alitangaza. "Mmoja akivuta, mwenzake avute. Dada anasema gari lako, Daktari, linahitaji mdomo."

"Mdomo?"

"Daktari wa meno atakataa mdomo?"

Daktari alicheka mpaka akashika tumbo. Akakubali vyote viwili, bawa na mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza Sauti kusikilizwa na watu watano kwa pamoja, akajificha nyuma ya kabati la rangi, na huko nyuma ya kabati akatabasamu peke yake.

Sasa, ndani ya pikapu, tabasamu lile lilimrudia kama kichomi.

Kwa sababu mdomo wa mbele ni wa kazi. Umefungwa sawasawa, una mifupa, utauma lami kama ulivyoahidi. Bawa la nyuma ni ganda. Kwa mkono wa mtu ni gumu, kwa mkono wa upepo ni karatasi. Likinyong'onyea, pua itashika na mkia utaachia. Bila mdomo ule kaka angeweza kuteleza kidogo akajirudi. Kwa mdomo ule, gari litageuka lenyewe kama mlango.

Na mdomo ule ni yeye aliyeuomba.

"Ongeza mwendo, baba."

"Mwanangu, hapa ndipo mwendo ulipoishia."

Langoni palikuwa na mlinzi aliyevaa miwani ya jua na umuhimu.

"Simama hapo. Hiyo ni nini? Meza ya kupigia pasi?"

"Ni bawa. La gari la—"

"Vifaa vya gari mwisho saa tatu. Karatasi yako iko wapi?"

"Sina. Kaka yangu—"

"Kila mtu hapa ana kaka yake ndani, dada. Mimi mwenyewe ninao watatu."

Sauti alifungua kinywa. Maneno yalijaa yote mlangoni, hakuna lililotoka. Machozi ndiyo yaliyotangulia. Fundi Betri akateremka kwenye pikapu taratibu, ameshika kiuno.

"Kijana, una akili? Mgeni rasmi anapiga pasi suti yake kwa kutumia nini, goti lako?"

Mlinzi alitazama bawa. Alitazama mzee. "Ya mgeni rasmi?"

"Muulize mwenyewe, ukitaka kazi yako iishe leo."

Lango lilifunguka.

Sauti alikimbia na bawa begani, nyuma ya magari, nyuma ya matairi, kuelekea kwenye ukuta mfupi ambako kila timu ilisimama kumtazama dereva wake. Uwanja ule ulikuwa zamani njia ya kurukia ndege. Lami ndefu iliyonyooka, na mwishoni kona moja kali ya kushoto kando ya matangi ya maji ya zege. Waliiita Kona ya Matangi. Kaka alimwambia siku moja, "Pale unaingia na mwendo wako wote na unatoka nao. Ukishtuka ukainua mguu katikati, mkia unakuja mbele kukusalimia."

Magari yalikuwa bado yamesimama kwenye mstari! Mvua ya asubuhi ilikuwa imewachelewesha. Gari jekundu la Daktari lilikuwa la tatu, hatua sitini kutoka kwake, ng'ambo ya wavu. Aliweza kuiona helmeti ya kaka, imetazama mbele.

Kuvuka wavu kulihitaji kizibao cha njano. Kila timu ilikuwa nacho kimoja. Cha kwao kilikuwa kifuani mwa Mjomba.

"Mjomba!"

Mjomba aligeuka. Alikuwa amesimama na Daktari wa Meno pamoja na wageni wake, wale wale wa soda. Aliona bawa. Aliona rangi ya kijivu. Kisha Sauti akaligeuza kidogo, na Mjomba akaona jicho.

Alielewa. Usomaji huo wa nyuso ndio shule pekee ambayo Sauti aliimaliza. Aliuona uso wa Mjomba ukipauka.

"Kuna nini?" Daktari aliuliza. "Hilo lingine ni la nini?"

Sauti alimtazama Mjomba. Sema, Mjomba. Mimi siwezi, wewe sema.

"La akiba," alisema Mjomba. "Sisi hatutembei bila akiba, Daktari."

"Safi sana! Mnaona?" Daktari aliwaambia wageni. "Hawa ni watu makini."

Mjomba alimshika mpwa wake mkono, akamvuta pembeni, huku bado anawatabasamia wageni.

"Mizunguko sita tu," alinong'ona. "Litavumilia."

"Halina mifupa, Mjomba."

"Najua halina mifupa! Unataka niende nikamwambie mtu mbele ya wageni wake kwamba tumemfungia pambo la ukutani? Kesho nani ataleta gari kwetu? Tutakula nini, msasa?"

"Nipe kizibao. Nitakwenda mimi."

"Utamwambia nini? Wewe, ambaye hata salamu inakushinda?"

Hilo lilimwingia. Alisimama sekunde mbili, labda tatu, na kwa sekunde hizo hatajisamehe. Kisha alikishika kile kizibao kwa mikono yote miwili, akavuta. Mjomba akavuta. Kamba ikakatika.

Bendera ikashuka.

Magari yaliondoka kwa mngurumo uliotikisa ukuta. Sauti alipiga kelele jina la kaka yake, jina lake la nyumbani, kwa nguvu zote alizojaliwa. Hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Mzunguko wa kwanza, gari jekundu lilipita la tatu. Bawa lilikuwa limesimama vizuri, linang'aa.

"Umeona?" alisema Mjomba. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

Mzunguko wa pili, lilipita la pili. Daktari aliruka kama mtoto. Sauti hakutazama gari, alitazama katikati ya bawa. Pale katikati palikuwa panatetemeka, kidogo, kama mdomo wa mtu anayejizuia kulia.

"Mjomba, limeanza."

Mjomba alikuwa ameushika ule ubao mweusi ambao dereva huonyeshwa kutoka ukutani. Chaki ilikuwa mkononi. Neno moja tu lilihitajika, INGIA, na kaka angeacha mbio aingie.

"Mwandikie, Mjomba. Nakuomba. Ni mtoto wa dada yako."

Mjomba aliinua chaki. Aliandika I. Daktari akageuka, uso umejaa furaha.

"Unamwandikia nini?"

Mjomba aliitazama ile I. Kisha akaifuta kwa kiganja, akaandika SAWA, akauinua ubao juu.

Mzunguko wa tatu, kaka aliliona neno lile. Alijibu kwa kidole gumba, akaongeza mwendo.

Bawa sasa lilikuwa linapiga makofi. Kwenye mashina ya miguu yake rangi ilikuwa imepasuka, mstari mweupe kila upande. Hakuna mwingine aliyeuona. Unahitaji kuwa umelipiga msasa kwa mikono yako ndipo uuone.

Sauti alijaribu kuuchukua ubao. Mjomba akauweka nyuma ya mgongo. Alimkimbilia mzee wa bendera. Mzee akamwonyesha masikio yake, yaliyozibwa, akamwashiria arudi nyuma ya mstari. Alimgeukia Daktari, akafungua kinywa, akasema, "Daktari, bawa lile..." Daktari akampigapiga begani. "Zuri mno, binti! Zuri mno!" Akageuka kutazama mbio.

Hakukuwa na sikio lililobaki. Sikio lake lilikuwa ndani ya helmeti, linakuja kwa mwendo wa kilomita mia mbili.

Ndipo alipokumbuka kwamba kaka yake hahitaji kusikia. Ana macho ya mbele.

Palikuwa na rundo la matairi kando ya ukuta. Alipanda. Gari jekundu lilikuwa linatokeza mbali, kidoa tu. Alilishika bawa la kazi kwa ncha zake mbili, akalinyanyua juu ya kichwa, upande wa chini ukitazama barabara, jicho jeupe wazi kabisa. Lilikuwa zito. Mabega yalikuwa yanawaka. Akalishikilia.

Kaka hutazama ukutani kila anapopita, kutafuta ubao.

Alitazama.

Kwa nusu sekunde helmeti iligeuka moja kwa moja kwake. Aliona jicho alilolichora mwenyewe, ambalo alidhani liko mgongoni mwake chini ya rangi nyekundu. Sauti aliliona gari likishtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Helmeti ikainuka kutazama kioo cha nyuma.

Kaelewa! Mungu wangu, kaelewa!

Furaha ilidumu muda wa pumzi moja. Pumzi ya pili ilikuja na jambo jingine. Ukuta ulikuwa karibu mno na mwisho wa lami. Gari lilikuwa tayari linaingia Kona ya Matangi kwa mwendo wake wote.

Na kaka yake amekwisha kushtuka.

"Usiinue," Sauti alisema. "Kaka, usiinue mguu. Usiinue."

Kule mbali, taa mbili nyekundu za nyuma zikawaka.

Mkia ulikuja mbele kusalimia. Kipande chekundu kiliruka juu, chepesi, kikapepea peke yake angani kama karatasi ya daftari. Kisha vumbi likafunika matangi. Magari mengine yakapita kando moja moja yakipunguza mwendo, na kila lililotoka kwenye lile vumbi halikuwa jekundu.

King'ora kikaanza kulia.

Sauti aliruka kutoka kwenye matairi apate kukimbia. Hakuweza. Alikuwa bado ameshika bawa, na upande wa pili wa bawa alikuwa ameshika Mjomba. Macho ya Mjomba yalikuwa yamejaa machozi. Mikono yake ilikuwa mikavu na imara.

"Nipe," alinong'ona. "Lirudi kwenye pikapu. Lirudi msumarini. Hakuna aliyeliona."

"Kaka yangu yuko kule, Mjomba. Niachie."

"Nipe kwanza! Kabla Daktari hajageuka."

Daktari wa Meno alikuwa ameshageuka. Hakutazama vumbi. Alitazama jicho jeupe kwa muda mrefu, akasogea, akalipiga bawa kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anavyopima jino la mgonjwa.

Ko. Ko.

"Hili limeshiba," alisema. Kisha akamtazama Sauti, si Mjomba. "Na lile lililoruka lilikuwa na nini ndani?"